Tupime nini kwanza? Shajara ya mradi wa wagonjwa wa dayalisisi, Mombasa

Januari, wiki ya kufungua kazi

Ruhusa zimekamilika. Kamati ya maadili ilitoa barua kabla ya Krismasi, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ikafuata, na sasa iliyobaki ni kazi yenyewe. Tunataka wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu hapa Mombasa, jamaa wanaowaleta, wauguzi na madaktari wakubaliane juu ya jambo moja: mtafiti akija Pwani kujaribu dawa mpya, chujio jipya au ratiba mpya ya mashine, ni mambo gani ambayo hana ruhusa ya kuacha kuyapima?

Mtu wa nje ataona swali hili limeshajibiwa zamani. Wapi! Kuna watafiti waliokusanya majaribio 362 ya dayalisisi, wakakuta vipimo zaidi ya 10,000 ndani yake, na vingi vilivyotangulia mbele ni vya maabara: fosfeti, kalsiamu, hemoglobini, kiasi cha uchafu kilichotolewa kwenye damu. Jaribio moja limepima fosfeti hivi, jingine vile, la tatu halikuuliza kabisa kama mgonjwa anaweza kupanda ngazi za nyumba yake. Ukitaka kuyaunganisha ujue tiba ipi inafaa, hayaunganiki.

Ndiyo maana mwaka 2010 kule Liverpool ulianzishwa mpango wa COMET, unaohimiza kila fani ya tiba iwe na orodha fupi ya matokeo ya lazima, yaani mambo ambayo kila jaribio lazima liyapime. Watu wa figo wakaanzisha wa kwao mwaka 2014, SONG, unaoendeshwa kutoka Sydney. Kwa wagonjwa wa mashine SONG walifikia manne: uchovu, maradhi ya moyo na mishipa, njia ya damu (mahali damu inapotoka mwilini kwenda kwenye mashine na kurudi, iwe fistula, grafti au katheta), na kifo. Walioulizwa ni watu zaidi ya 1,000 kutoka nchi zaidi ya 70, kwa awamu tatu.

Uamuzi wa kwanza wa mradi: hatuanzi upya. Tunayachukua manne hayo kama yalivyo, tunauliza yanapimikaje Mombasa, na kama kuna la tano. Mwenzetu mmoja alitaka tukae na karatasi tupu, tuandike ya Pwani peke yake. Nimelipinga hilo kwa nguvu. Orodha isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine yeyote, na tutakuwa tumezaa tatizo lile lile tulilokuja kulitibu.

Bado Januari: kadi na komwe

Kadi zimechapishwa kwa herufi kubwa na kufungwa plastiki. Uchovu. Kifo. Moyo. Njia ya damu. Kuwashwa. Misuli kukaza. Presha kushuka kwenye mashine. Kiu. Kukosa usingizi. Huzuni. Potasiamu. Kufanya kazi. Kusafiri. Kuwa mzigo kwa watu wa nyumbani. Tumeacha kadi kadhaa tupu, mtu aandike lake.

Mizani ya SONG ni ya alama 1 hadi 9. Tumeijaribu na jamaa wanaosubiri kwenye benchi la nje, na karibu kila kadi ikapata 9. Nani atamwambia mtu aliyevaa beji ya kituo kwamba moyo ni 4? Mama mmoja aliitazama karatasi, akanirudishia. "Yote ni maradhi, mwanangu, we andika tisa twende zetu." SONG wenyewe katika awamu ya mwisho waliongeza maswali ya kumlazimisha mtu achague lipi lizidi na lipi lipungue, na sasa naelewa kwa nini.

Dawa ya tatizo hili imetoka kwa mzee wa Mji wa Kale, mcheza bao mkongwe, anayemsindikiza mkewe. Akasema mpe mtu komwe kumi azigawe. Akitia nne hapa, zimebaki sita, na hakuna kadi itakayopata zote. Hahitaji kujua kusoma mizani, na hawezi kuwapendeza watu wote. Nimenunua komwe siku hiyo hiyo.

Sista kiongozi wa zamu alipoziona tu akauliza zitaoshwa na nani. Ana haki. Kwenye chumba cha dayalisisi kitu hakihami kiti hadi kiti, na wenye homa ya ini aina ya B wana mashine yao peke yao. Basi kila mgonjwa ana bahasha yake yenye komwe kumi, zinapanguswa kwa spiriti kabla na baada, kadi vilevile, na wa mashine ya pembeni wana seti isiyotoka pale. Kazi imeongezeka, lakini bila sista hatuingii mle ndani.

Februari: zamu ya asubuhi

Tunazungumza na watu katika saa ya pili ya kipindi cha mashine. Saa ya kwanza muuguzi ana sindano na presha za kuangalia. Saa ya nne misuli imeanza kukaza, watu wanatazama saa ya ukutani, na hakuna anayetaka kuulizwa kitu.

Leo nilikaa na baba mmoja wa Likoni, fundi wa mashua aliyeacha kazi. Mkono wa kushoto ulikuwa umenyooshwa juu ya mto, fistula imejaa, ukiweka kidole unausikia mtetemo wa damu. Kwa mkono wa kulia akawa anapanga komwe juu ya kadi kwenye meza ndogo ya chakula. Tatu akaziweka kwenye uchovu bila kufikiri. Mbili kwenye kufanya kazi. Akaichukua kadi ya kifo, akaisoma, akaigeuza kifudifudi na kuiweka kando ya kikombe chake.

Nikamuuliza kama jambo hilo kwake halina uzito.

"Lina uzito. Lakini si la kupangwa na mimi wala na wewe, hilo lina mwenyewe. Wewe nipangie haya ya kushika."

Mara mashine ikalia, mpira wa kupitishia damu ulikuwa umejikunja chini ya shuka. Sista akaja akaunyoosha, na katika purukushani komwe mbili zikaviringika chini ya kiti. Mzee akahesabu zilizobaki mkononi, akadai zake. Zilizogusa sakafu hazirudi mezani, kwa hiyo nikampa nyingine, na zote mbili akazitia kwenye kiu. Kabla ya hapo kadi ya kiu haikuwa na kitu. Februari ya Mombasa, kaskazi imekaba na jua halina huruma, na mtu umemwambia anywe maji kwa kipimo. Nilishangaa kwamba hakuianza mapema.

Kadi ya kifo wameigeuza wengi baada yake, Waislamu kwa Wakristo. Wengine wanaisukuma tu pembeni. Nikiingiza sufuri hizo kwenye jedwali, jedwali litasema watu wa Mombasa hawajali kufa, na hesabu yake itakuwa sahihi kabisa huku maana yake ni ya uongo. Tumeiondoa kadi hiyo kwenye mchezo wa komwe. Kifo kimo ndani ya manne na kitapimwa, hakihitaji kura. Anayetaka kusema neno juu yake anasema, na tunaandika.

Februari, siku mbili tatu baadaye

Uchovu unaongoza kote, na wala haukaribiwi. Ila wanauzungumzia kwa namna mbili. Upo wa siku ya mashine, mtu akitoka hapa anafika kitandani na viatu. Na upo wa siku za kungoja, maji yanapojaa mwilini na pumzi inapoanza kuwa fupi. Miongozo mingi ya nje imejengwa juu ya vipindi vitatu kwa wiki, saa nne nne. Hapa mazoea ni viwili. NHIF, bima ya afya ya taifa, ilikuwa ikilipia viwili kwa wiki, shilingi 9,500 kila kimoja. SHA iliyoipokea kazi hiyo Oktoba 2024 inalipa 10,650. Anayekuja Jumatatu na Alhamisi, akimaliza ya Alhamisi ana siku nne za kusubiri. Uchovu wa Jumapili usiku si ule wa Ijumaa asubuhi.

Kipimo cha SONG cha uchovu ni maswali matatu tu: ulijisikia umechoka, ulipungukiwa na nguvu, uchovu ulikuzuia kufanya shughuli zako za kawaida? Majibu ni manne, kuanzia hapana hata kidogo hadi sana kupita kiasi, na yote yanahusu wiki nzima iliyopita. Kwa kuwa ni wiki nzima, uchovu wa aina zote mbili unaingia. Tumeamua tusiongeze swali. Nilichoomba ni kwamba kila mgonjwa aulizwe siku ile ile ya wiki kila mara, asiulizwe leo Alhamisi na mwezi ujao Jumatatu.

Kadi ya kusafiri nilidhani itaachwa. Vikundi vya mwanzo vya wagonjwa wa SONG vilikaa Australia na Kanada, na huko kusafiri kulipanda juu. Mimi nikajiambia hayo ni mambo ya likizo. Akina mama wameijaza komwe. Harusi ya mpwa iko Lamu na ina siku zake, msiba wa Tanga haungoji, na kwenda kokote zaidi ya siku mbili tatu ni lazima upate mashine ya mwenyeji huko uendako. Bibi mmoja hajakanyaga kwao Faza tangu aanze kusafishwa.

Kabla ya Ramadhani: madaktari na wauguzi

Hawa wamechukua muda mfupi, na sitaandika mengi. Komwe zao zimekwenda kwenye moyo, njia ya damu, maambukizi na potasiamu. Ndivyo ilivyokuwa kwa SONG pia: wataalamu walielemea kifo, kulazwa, presha kushuka na potasiamu, wagonjwa wakaelemea kusafiri, muda wa kuwa mbali na mashine, na ule unyong'onyevu wa baada ya kipindi.

Ni rahisi kuwasema madaktari hapa, na nimesikia wakisemwa. Lakini daktari ndiye anayepigiwa simu usiku potasiamu ikipanda na mapigo ya moyo yakivurugika. Na potasiamu Pwani iko kila mahali: dafu la barabarani, tende za kufuturu, ndizi, mihogo ambayo maji yake ya kwanza hayakumwagwa. Mtu akikaribia Ramadhani bila hofu hiyo hajafanya kazi wodini.

Mwezi mtukufu tutapunguza mahojiano. Zamu za alasiri zitabadilishwa kwa wanaotaka kufuturu nyumbani, na sista hana nafasi ya komwe zangu.

Machi: ubishi wa kukosa kipindi

Kwenye zile kadi tupu, jamaa waliandika maneno yanayofanana: kukosa kipindi, au kukatizwa kabla ya saa nne kutimia. Kadi hii mpya imekula komwe kuliko moyo. Sababu wanazotaja kila mmoja wetu anazijua. Nauli ya tuktuk mara mbili kwa wiki. Foleni ya feri ya Likoni siku ambayo feri moja imekwama. Stima kupotea. Na maji: mashine moja inapitisha nusu lita ya maji yaliyochujwa kila dakika, kwa saa nne ni lita 120 kwa mtu mmoja, tena bila kuhesabu yale yanayomwagika wakati wa kuchuja. Katika mji ambao mfereji hukauka na visima vingi vina chumvi, hicho si kitu kidogo.

Daktari wetu wa figo alikuwa na msimamo na hakuuficha. Kukosa kipindi si matokeo, ni sababu. Matokeo ni kile kinachomfika mgonjwa baada ya tiba. Ukianza kuingiza feri kwenye orodha, utaingiza na bei ya mafuta.

Kijana mmoja wa Changamwe, anayesafishwa Jumanne na Ijumaa, akamjibu kwa upole sana. "Sawa, daktari. Lakini mimi nikikosa Ijumaa, wiki inayofuata mkiniuliza kama nimechoka nitasema sana. Mtaandika dawa yenu imeshindwa. Dawa haikushindwa, ni mimi sikuja."

Chumba kikanyamaza kidogo, daktari mwenyewe akacheka. Hilo ni jambo la takwimu, na limesemwa vizuri kuliko ningelisema mimi. Jaribio likifanywa mahali ambapo vipindi vinakosekana, na vipindi hivyo havikuandikwa, basi uchovu, moyo na kifo vyote vinasomwa vibaya. Kundi moja la jaribio likipata watu wa kisiwani na jingine watu wa ng'ambo ya kivuko, tofauti itaonekana, nayo haihusiani na dawa.

Tulichokubaliana: kukosa kipindi hakuingii kwenye matokeo ya msingi, ila ni maelezo ya lazima. Hakuna matokeo yatakayoripotiwa bila safu ya vipindi vilivyopangwa, vilivyofanyika, na dakika zilizokatwa, pamoja na sababu. Naona uamuzi huu ni sahihi. Mama mmoja wa Kisauni hakuridhika, na nimeahidi kuliandika neno lake kama alivyolisema: "Wenu wanne mmewakaribisha ukumbini, huyu wetu mmemwekea kiti barazani."

Mwisho wa Machi, baada ya Idi

Njia ya damu haikuleta shida. SONG wanataka kujua kama ilihitaji kushughulikiwa ili iendelee kutumika, na daftari la kituo lina sehemu kubwa ya hayo: katheta imewekwa lini, imebadilishwa lini, fistula imezibuliwa lini. Tumeongeza safu moja.

Moyo ni mgumu zaidi. Kipimo chake ni shambulio la moyo na kifo cha ghafla cha moyo. Shambulio utalipata hospitalini. Kifo cha ghafla kinatokea nyumbani, alfajiri, na kwa Waislamu kabla ya adhuhuri au alasiri mtu keshazikwa. Uchunguzi wa maiti hakuna, na hakuna familia itakayoomba ufanywe. Kwenye cheti utakuta kumeandikwa figo, kwa kuwa figo ndizo zilizojulikana.

Shirika la Afya Duniani lina fomu ya kuwahoji jamaa ili kukisia chanzo cha kifo, nayo inafaa. Ubishi ulikuwa ni lini uende. Mtafiti anataka mapema, kumbukumbu zingali mbichi. Wazee wa kikundi wakasema hakuna kwenda na karatasi kwenye matanga. Tumeweka baada ya arubaini, na kwa familia zisizosoma arubaini muda uwe huo huo. Anayekwenda awe mtu wa kituo aliyemjua marehemu, atoe pole kwanza kama anavyopaswa kutoa hata kama hakuna utafiti, na fomu itoke mkobani pale tu mwenye nyumba akikubali.

Aprili: mkutano wa Tudor

Mkutano wa kufunga orodha tumeufanya Jumapili kwa sababu siku nyingine yoyote baadhi ya wagonjwa wako kwenye mashine. Kila meza ilikuwa na wagonjwa, jamaa na angalau mtaalamu mmoja, na kanuni ilikuwa moja: mwenye koti jeupe anasema wa mwisho. Mpishi alikuja na mpango wa mahamri kwa mbaazi za nazi. Sista akazipiga marufuku mbaazi mlangoni. Kinywaji kilikuwa kahawa chungu kwa vile vikombe vidogo vya kahawa, na nadhani ni mkutano wa kwanza nilioona ambapo udogo wa kikombe ulishangiliwa.

Manne ya SONG yalipita haraka. Saa zilizobaki zikaenda kwenye la tano: kushiriki maisha. Kazi, ibada, harusi, mazishi, kukaa barazani na wenzako. Si geni. Kwa wanaosafishwa kwa njia ya tumbo, na kwa waliopandikizwa figo, SONG wameliweka kwenye orodha ya msingi. Kwa watu wa mashine halimo.

Hoja ya kulikataa ilikuwa nzuri. Swali la tatu la uchovu linauliza kama umezuiwa kufanya shughuli zako, kwa hiyo tutakuwa tunapima kitu kimoja mara mbili, na kila swali la ziada ni swali litakalorukwa.

Aliyeipindua ni kijana yule yule wa Changamwe. Akasema yeye wiki nyingi hachoki sana, ana nguvu za kubeba. Ila tajiri wake hawezi kumwachia siku mbili kila wiki, kwa hiyo kazi hana. Kwenye maswali matatu ya uchovu atapata alama nzuri kabisa, na maisha yake yamesimama. Tiba itakayompa mashine ya usiku inaweza isimpunguzie uchovu hata chembe, ikamrudishia mshahara. Utafiti usiouliza hautaiona.

Tukagawa komwe mara ya mwisho, meza kwa meza. La tano limeingia. Daktari wa figo naye aliweka komwe zake pale, si zote.

Aprili, wiki hii

Lililobaki ni vipimo vya la tano. Kuna madodoso kadhaa ya nje, marefu, yanayouliza kuhusu kuendesha gari na kukata nyasi. Tunatafuta fupi. Bila fupi tutaanza na swali moja la wazi na kulisahihisha njiani, jambo ambalo mtaalamu wetu wa takwimu halipendi na amesema hivyo kwa maandishi.

Jingine ni nani atauliza yale maswali ya uchovu. Muuguzi hafai: mgonjwa humwambia hajambo ili asimvunje moyo. Jamaa naye hujibu kwa niaba. Tunawafundisha wagonjwa wawili wa zamu ya asubuhi wawaulize wenzao wa zamu ya jioni, na wawili wa jioni waje asubuhi, kwa nauli ya mradi. Fomu ziko kwa mchapishaji Mwembe Tayari, safu ya vipindi vilivyokosekana iko ukurasa wa kwanza juu kabisa, kabla ya matokeo yote. Hapo nilipapendekeza mimi, na nimempigia simu mama wa Kisauni kumweleza. Amesema atakuja kuiona kwanza ndipo aamini.